Mwalimu Aliyeyaruka Mafuta ya Taa

Mwalimu wa kemia hakuingia nyumba ya mtu kabla ya kusimama mlangoni na kuvuta pumzi. Alivuta polepole, kwa pua, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Wageni walidhani ana pumu. Sisi majirani zake wa Makongeni, kwenye zile nyumba za safu zilizojengewa wafanyakazi wa reli, tulijua ananusa mafuta. Akisharidhika kwamba hakuna stovu inayovuja wala chupa iliyoachwa wazi, ndipo alipovua viatu na kupiga hodi, ilhali tayari yumo ndani.

"Leo nyumba yangu imepita mtihani?" mama yangu alikuwa akimtania.

"Imepita. Lakini fungua dirisha kidogo."

Dirisha lilifunguliwa hata wakati wa baridi ya Julai. Mama alilalamika, kisha akawa anafungua mwenyewe akisikia tu nyayo zake.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye leso kichwani na koti jeupe la maabara ambalo alitembea nalo hadi sokoni. Ukoo wake siujui. Alipoulizwa kwao ni wapi alijibu "Pwani," akanyamaza, na Kiswahili chake kikasema yaliyobaki. Aliishi peke yake mlango wa pili kutoka kwetu. Alinifundisha kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya kutwa karibu na Jogoo Road. Kwa hiyo nilikuwa naye mchana darasani na jioni ukutani, kwa sababu kuta zile ni nyembamba na redio yake niliijua kipindi kwa kipindi.

Hakupenda ubao. Siku ya kutufundisha mafuta ya petroli alitutoa nje uwanjani, darasa zima, akatushikanisha mikono.

"Mafuta ghafi yanayotoka ardhini ni umati," alisema. "Wote ni kaboni na hidrojeni, lakini wameshikana katika minyororo isiyolingana urefu. Sasa nyinyi ndio hao."

Alipanga vikundi vya watu wachache karibu na lango, vya kadiri katikati, na upande wa choo akaunganisha mlolongo wa karibu nusu ya darasa. Kisha akapuliza filimbi akatuambia tukimbie hadi ukutani bila kuachana mikono. Vikundi vifupi vilifika vikicheka. Mlolongo mrefu ulijikunja, mmoja akajikwaa, wote wakaanguka wakabaki palepale wakilaumiana.

"Hao wa kwanza ni petroli," alisema. "Petroli haingoji kuitwa. Ukiiweka kwenye bakuli na kuiacha, inaondoka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka ufike palipo na moto. Hutauona ukienda. Utauona ukirudi, na utarudi ukiwaka." Kisha akaonyesha lundo lililoanguka. "Na hawa ni lami. Mtaikanyaga Jogoo Road maisha yenu yote na haitawafanya kitu."

Kijana mmoja wa kikundi cha katikati aliinua mkono. "Na sisi, Madam? Sisi ni nini?"

Mwalimu aliwatazama wale wa katikati. Nakumbuka alikitazama kile kikundi muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

"Nyinyi ni mafuta ya taa," alisema. "Mtasoma kitabuni." Akapuliza filimbi ya kurudi ndani.

Mafuta ya taa aliyaruka kila mwaka. Kila alipofika ukurasa ule, kichwa kilimuuma, na mwalimu wa fizikia akaja kushika kipindi. Wanafunzi walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema anaona ni jambo rahisi mno, kila mtu ana stovu kwao, atafundisha nini? Mimi niliyekuwa jirani yake nilijua zaidi kidogo, au nilidhani najua. Nilidhani ni kwa sababu ya mama wa chapati.

Nitafika hapo. Kwanza niseme alivyokuwa katika mambo mengine, maana hakuwa mtu wa huzuni tu.

Alipenda kucheka, na alicheka kwa kujificha nyuma ya ncha ya leso. Alipenda mishkaki ya barabarani na aliila amesimama, ingawa alitukataza sisi kula tumesimama. Aligeuza sufuria za watu kuangalia tako la kila moja. Likiwa na masizi alisema, "Hapa hewa haitoshi. Moto wa manjano ni kaboni iliyokosa oksijeni, inabaki nyeusi inakupaka vyombo. Safisha tambi, moto uwe wa buluu." Wanawake wa safu yetu walimcheka kisha wakasafisha tambi.

Kuna somo lake moja ambalo mpaka leo nawaeleza vijana wa gereji yangu. Alichoma punje ya karanga chini ya neli ya maji, na sote tukashika ile neli tukaona joto limeingia.

"Watu husema moto umelala ndani ya mafuta," alisema. "Si kweli. Kwanza lazima kaboni na hidrojeni waachanishwe, na kuachanisha kunataka nguvu. Ndiyo kazi ya kiberiti. Wakishaachana, wanashikana na oksijeni, na wanashikana naye kwa nguvu kuliko walivyokuwa wameshikana wenyewe. Hapo ndipo joto linapotoka." Akaupunga moshi kwa mkono. "Na likishatoka, limetoka. Huwezi kuukusanya huu moshi ukarudisha karanga."

Sentensi hiyo ya mwisho aliisema kwa sauti ya chini, akiangalia dirishani.

Adhabu zake zilitushangaza. Siku moja nilivunja chupa ya maabara. Aliniambia nilete ufagio, basi. Lakini mwenzangu wa dawati, aliyeniona nikiiweka ukingoni na hakuniambia, alimwita mbele.

"Uliona itaanguka?"

"Niliona, Madam. Lakini haikuwa yangu."

Alimpa kazi ya kuosha vyombo vya maabara muhula mzima. Kilichotushinda kuelewa ni kwamba kila jioni mwalimu naye alikunja mikono ya koti akaosha pamoja naye mpaka chombo cha mwisho.

Na hakukubali kushukuriwa. Ukimshukuru alikasirika, si kwa utani. Nilipofaulu kemia mama alimpelekea kuku. Alimrudisha yule kuku mlangoni kwetu, amefungwa miguu vilevile.

Sasa mama wa chapati.

Alikuwa mwanamke wa kutoka magharibi, mcheshi, mwenye meza yake mwishoni mwa safu yetu. Asubuhi alipika chapati kwa stovu ya mafuta ya taa, na wafanyakazi wa viwandani walizila wakienda kazini. Nilipokuwa kidato cha kwanza, Jumamosi moja asubuhi, tulisikia kishindo kifupi kama mlango wa gari unaofungwa kwa hasira. Tulipotoka, mama wa chapati alikuwa amesimama na mikono yake inawaka.

Watu walikimbilia ndoo. Aliyewazuia ni mwalimu. "Msimwage maji kwenye mafuta," alipaza sauti, na ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akipaza sauti. Alichomoa blanketi kwenye kamba ya nguo akamfunika yule mama, akamlaza chini, akamkumbatia na blanketi lile mpaka moto ukakosa hewa. Yeye mwenyewe hakuungua popote.

Mama wa chapati alikaa hospitali miezi. Aliporudi, shingo ilikuwa imevutwa upande mmoja na vidole vimekaza. Mtaa ulikuwa umeshaamua. Mafuta yale aliyanunua kwa mwenye duka wetu, mzee mtaratibu aliyeswali msikiti mmoja na mwalimu. Watu walivunja mbao za duka lake, wakamwaga unga na sukari barabarani. Kesi ikapelekwa kortini Makadara. Baada ya kuahirishwa na kuahirishwa ilifutwa kwa kukosa ushahidi, lakini duka halikuwepo tena. Mzee alihamia Voi kwa mwanawe.

Ndipo mwalimu alipoanza kwenda kwa mama wa chapati. Kila alfajiri, baada ya swala, alitoka na koti lake la maabara akaenda kumkandia unga, kwa sababu vidole vile viliweza kusukuma chapati lakini havikuweza kukanda. Alikanda beseni zima, akanawa, akaenda shule. Tulizoea kumwona darasani na unga mkavu kwenye kiwiko. Alifanya hivyo miaka yote niliyokuwa shuleni, na aliendelea nilipohama, na aliendelea alipostaafu. Mama yangu alikuwa akisema kwamba kama watu wa peponi wanajulikana mapema, basi sisi tunaye mmoja mlango wa pili.

Nami niliamini hivyo mpaka mwaka huu.

Nina gereji ndogo ya pikipiki Makadara. Mchana mmoja baada ya mvua za masika nilimwona mwalimu amesimama mlangoni, ameshika mkongojo, anavuta pumzi.

"Una petroli wazi humu."

"Ya kusafishia kabureta, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ifunike."

Niliifunika. Nikamwekea kiti, nikawatuma vijana wangu chai ili tubaki peke yetu, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kusalimia. Alikaa bila kuegemea.

"Jumapili ijayo," alisema, "mama wa chapati na kanisa lao wanataka kunisimamisha mbele ya watu wanishukuru. Wameshona leso yenye maneno. Pasta amenipigia simu."

"Ni jambo jema, Mwalimu."

"Si jema. Ndiyo maana nimekuja. Nataka unifikishe kwake leo, maana kila nikienda peke yangu nakanda tu narudi bila kusema. Na nataka awepo mtu anayeielewa kemia, nisije nikaipamba."

Sikuelewa. Akanieleza, akiangalia mikono yangu yenye grisi badala ya kuniangalia usoni.

"Siku moja kabla ya ule moto nilinunua mafuta ya taa dukani kwa mzee. Nina mazoea ya kudondosha tone kwenye gazeti. Mafuta ya taa safi yanakaa, yanaacha doa la kuteleza. Tone lile lilikauka huku nikilitazama, doa likabaki dogo. Nikanusa. Nikajua mna petroli ndani. Pengine lori lilibeba petroli kwanza, halikuoshwa. Mzee hakujua, hangeweza kujua."

"Ukafanyaje?"

"Yangu nikayamwaga. Kisha nikarudi dukani."

"Kumwambia."

"Kumwambia. Nikakuta watu wamejaa. Mzee yule ndiye aliyemwosha baba yangu alipofariki, mwanangu. Ndiye aliyeshuka kaburini. Niliona haya kumwambia mbele ya watu kwamba mafuta yake ni mabaya. Nikasema nitamwambia kesho akiwa peke yake. Lakini nilikuwa nimeshafika mbele, na alikuwa ananingoja niseme ninachotaka. Nikaagiza makaa."

Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki isiyowaka. Mwalimu alingoja akome.

"Nikitoka nilipishana na mama wa chapati mlangoni, mtungi wake mkononi. Nilijua amekuja kununua nini. Nikamsalimia. Nikamsalimia, nikajisogeza apite."

Nilimuuliza kitu cha kipumbavu, kwa nini hakusema kortini.

"Nilikwenda hadi lango la korti. Ningesema mzee hakuwa na hatia, wangeniuliza nimejuaje. Nikarudi nyumbani nikasahihisha mitihani."

"Na mzee?"

"Nimempigia wiki iliyopita, Voi. Nimemweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, 'Mwalimu, mimi nilijua kwamba ulijua. Hukuwa mtu wa makaa.' Nikamuuliza kwa nini hakunitaja walipomvunjia duka. Akasema, 'Wangekuja kwako.'" Mwalimu alishika mkongojo kwa mikono miwili. "Halafu akaniuliza kama bado naumwa na magoti."

Nilimpakia nyuma ya pikipiki ya mteja nikaenda naye taratibu, amekaa upande kama wanavyokaa akina mama wa makamo, koti jeupe limebanwa chini ya paja lisipeperuke. Mama wa chapati siku hizi ana kibanda cha mabati Makongeni na anapika kwa gesi. Alitupokea kwa furaha. Alinipa kiti, akampa mwalimu stuli yake mwenyewe.

"Leo umekuja mara mbili, Mwalimu. Unga wa asubuhi bado uko." Akanigeukia. "Na wewe fundi, sasa? Umepotea sana."

Mwalimu hakukaa. Alisema akiwa amesimama. Alieleza tone, gazeti, makaa, salamu. Hakuongeza kitu, hakulia, hakusema neno la haya wala la baba yake. Mimi nilitaka alitaje lile la kaburi, angalau lile, lakini aliliacha.

Mama wa chapati aliendelea kusukuma chapati iliyokuwa mbele yake mpaka ikawa nyembamba kupita kiasi, ikapasuka katikati. Akazima gesi.

"Nakumbuka siku hiyo," alisema. "Ulisema, 'Habari za jioni, mama.'"

"Ndiyo."

"Mimi nikasema nini?"

"Ulisema nzuri. Ukasema mwanao anasifu somo langu."

"Na bado ukajisogeza."

"Nikajisogeza."

Mteja mmoja kijana alifika, akauliza chapati, akaambiwa zimeisha ingawa rundo lilikuwa mezani. Aliondoka akitutazama.

"Miaka hii yote," mama wa chapati alisema, "nimekuwa nikikuombea. Kila usiku kabla ya watoto wangu, nakutaja wewe kwanza. Mwanamke asiye wa kanisa langu, asiye wa kabila langu, anakuja kunikandia unga. Nilikuwa nawaambia watu kwamba Mungu alinichukulia mikono akanipa mikono mingine." Aliviangalia vidole vyake. "Kumbe ulikuwa unalipa."

"Ndiyo," mwalimu alisema.

"Na leo umekuja kuniambia ili jambo hili nibaki nalo mimi."

Nadhani hilo mwalimu hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria hasira, kilio, pengine kufukuzwa. Nilimwona akilipokea lile neno kama mtu anayekabidhiwa mzigo ambao hakujua una uzito gani.

"Pasta nitamwambia mimi," mama wa chapati alisema. "Nitamwambia unaumwa. Sitaki watu wajue. Si kwa ajili yako. Nimechoka kuwa habari." Akawasha gesi tena. "Na kesho usije."

"Keshokutwa?"

"Usije, Mwalimu. Fundi, mrudishe nyumbani, magoti yake mabovu."

Hapo ndipo mwalimu alipotaka kumshika mkono, na yule mama akaurudisha nyuma, si kwa ukali, kama mtu anayeondoa mkono karibu na sufuria ya moto. Tukaondoka. Nilipomshusha alinipangusa vumbi begani, akaingia ndani. Sikusikia akivuta pumzi mlangoni.

Wiki kadhaa zimepita. Juzi nilikwenda kumwona. Nilimkuta kitandani ameegemea ukuta, redio imezimwa. Alikuwa amepungua mwili sana. Tulizungumza bei ya petroli, tukazungumza vijana wangu wa gereji, akaniuliza kama bado wananyonya mafuta kwa mdomo kwenye bomba nikadanganya kwamba wameacha. Kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu niingie.

"Unapita kule?"

"Napita."

"Mikono yake ikoje?"

"Anapika, Mwalimu."

"Nimekuuliza mikono."

"Imevimba. Kidole gumba cha kulia amekifunga kitambaa."

"Nani anamkandia?"

"Anakanda mwenyewe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, mirefu, laini, haina kovu hata moja. Aliitazama kwa muda, kisha akaiingiza chini ya blanketi, akaniomba nifungue dirisha kidogo.